Kanga Hakai

Nyemo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa akimsubiri Bibi, anayekuja kwa basi kutoka Kintinku.

Bibi akafika na tenga kichwani. Ndani ya tenga kulikuwa na kelele.

Ke-ke-ke-ke!

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuletea kanga."

Nyemo alidhani ni kanga ya kuvaa. Lakini kanga ya kuvaa haipigi kelele.

Bibi akafungua tenga. Akatoka ndege mweusi mwenye madoadoa meupe. Mwili ulikuwa mkubwa na kichwa kidogo, kama mtu aliyevaa makoti matatu.

"Huyu nimemlea mwenyewe," alisema Bibi. "Anakula mtama mapajani kwangu."

Nyemo alimpenda palepale.

Mama akatoka jikoni. Akamtazama ndege, akatikisa kichwa.

"Mama, kanga hakai," akamwambia Bibi. "Akikaa, tutamfuga. Asipokaa, kesho utarudi naye."

Nyemo akamtazama Kanga. Kweli, hakai! Alikwenda huku, akaenda kule. Tiki-tiki-tiki, tiki-tiki-tiki.

"Basi nitamfundisha kukaa," Nyemo alijisemea. Aliona ni kazi ndogo tu. Yeye mwenyewe alijua kukaa tangu hajaota meno yote.

Akaleta kigoda.

"Kaa, Kanga, kaa."

Ke-ke-ke-ke! Kanga akapita chini ya kigoda. Tiki-tiki-tiki.

Akatandika mkeka.

"Kaa, Kanga, kaa."

Ke-ke-ke-ke! Kanga akaudonoa mkeka, akaendelea na safari zake. Tiki-tiki-tiki.

Nyemo akakaa mwenyewe, ili amwonyeshe. Akainuka. Akakaa tena. "Unaona? Makalio chini."

Kanga alimtazama kwa jicho moja. Halafu akakimbilia jikoni, Nyemo nyuma yake.

"Nyemo, kaa mbali na jiko," alisema Mama.

Nyemo akaenda mbali na jiko. Akakaa chini, pu.

Mama akacheka. "Sikusema ukae chini, mwanangu."

Nyemo hakuelewa. Kukaa si ni kukaa?

Baada ya kuoga, akavaa gauni jipya. Bibi ndiye aliyelishona.

"Limekukaa vizuri," alisema Bibi.

Nyemo akajitazama. Yeye amesimama. Gauni nalo limesimama. Sasa aliyekaa ni nani?

"Bibi, gauni linakaaje?"

Bibi alikuwa anafagia uani. Akasimama. "Mimi nakaa wapi?"

"Unakaa Kintinku."

"Na sasa hivi nimekaa?"

Bibi alikuwa wima, ufagio mkononi. "Hapana," alisema Nyemo.

"Basi ndiyo hivyo. Kukaa si kuweka makalio chini tu. Gauni likikupendeza mwilini, limekukaa. Kwenu ndiko unakokaa. Na asiyeondoka, huyo naye amekaa."

Nyemo akafikiri. Akafikiri tena.

"Kumbe Mama aliposema kanga hakai…"

"Alisema kanga huondoka," alisema Bibi. "Wengi wao huruka ua, wakapotelea huko."

Nyemo akaingiwa na huzuni. Ndege unaweza kumfundisha kukaa chini. Lakini utamfundishaje asiondoke?

Na hapohapo, purrrr! Kanga akaruka ua.

Nyemo akataka kumkimbilia. Bibi akamshika mkono.

"Ukimkimbiza, atakwenda mbali zaidi. Wewe kaa."

"Nikae kukaa kupi, Bibi?"

"Kote," alisema Bibi.

Basi Nyemo akakaa kwenye ngazi ya mlango. Bibi akamfunika miguu kwa kanga ya Mama yenye maua. Akamwekea mtama kidogo mapajani.

Nyemo hakuinuka. Alilia kidogo, lakini hakuinuka.

"Kaa, Kanga, kaa," alisema polepole. Ila Kanga hakuwepo kumsikia.

Jua likazama. Kuku wa jirani wakaingia bandani. Nyemo akafuta pua kwa mkono wa gauni jipya, na Bibi akajifanya hajaona.

Halafu, nje ya ua, ikasikika sauti.

Ke-ke?

Nyemo akatulia kabisa.

Purrrr! Kanga akatua uani. Tiki-tiki, akasimama. Tiki-tiki, akasimama. Tiki.

Akala mtama, punje kwa punje. Alipomaliza, akapanda mapajani kwa Nyemo. Akajizungusha mara moja. Akakunja miguu.

Akakaa.

Kanga juu ya kanga. Madoadoa juu ya maua.

Miguu ya Nyemo ilikufa ganzi. Hakuisogeza hata kidogo.

"Nyemo, njoo ulale," Mama aliita.

"Siwezi, Mama," Nyemo alinong'ona. "Kanga amekaa."

Mama akaja mlangoni. "Amekaa kukaa kupi?"

"Amekaa chini," alisema Nyemo. "Na aliondoka, halafu akarudi mwenyewe. Kwa hiyo anakaa hapa."

Mama akamtazama Kanga. Kanga alikuwa amefumba macho.

"Haya," alisema Mama. "Basi anakaa hapa."

Bibi akacheka. "Na tenga langu libaki hapahapa. Litakuwa kitanda chake."

Wakamlaza Kanga ndani ya tenga, pamoja na kanga ya Mama. Mama aliiangalia kanga yake, akaguna, akaiacha.

Nyemo akapanda kitandani. Bibi akamfunika shuka. Kesho Bibi ataondoka na basi la asubuhi, na Nyemo alilijua hilo vizuri.

"Kaa, Bibi, kaa," alisema Nyemo.

"Kintinku kuna mbuzi wangu," alisema Bibi. "Nao wananisubiri."

"Najua. Basi kaa kukaa kule kwingine."

Bibi akavuta kigoda karibu na kitanda. Akamshika Nyemo mkono.

Akakaa, mpaka Nyemo akalala.