Sufuria ya Harusi ya Mouna

Nilikuwa na mnofu wa nyama mdomoni wakati rafiki yangu aliponiuza.

Si kwa siri. Mbele ya harusi nzima, hapa hapa Kalemie… na mke wangu Victorine amekaa pembeni yangu na kitenge chake kipya.

"Njo André," ndiye André, Zahoro alisema kwa Kiswahili chetu cha hapa, kidole kikinielekea. "Yeye njo alitengeneza. Alitudanganya."

Nyama ikakwama. Jamani, kumeza sikuweza, na kutema mbele za watu niliona haya.

Subirini niwaeleze. Mkinihukumu, mnihukumu mkijua.

Mimi na Zahoro ni mafundi wa kuchomelea vyuma, karakana moja, miaka na miaka. Mimi Mkatoliki, yeye Mwislamu wa familia ya zamani ya wafanyabiashara wa ziwani. Dini haijawahi kutugombanisha. Tunagombana juu ya mpira tu.

Mwaka jana hoteli moja iliyofungwa ilituuzia mapipa yake ya bia, yale ya chuma kinene kisichoshika kutu.

Kazi yake ni hivi: unafungua kwanza mdomo wa pipa gesi yote itoke (ukisahau, pipa litakutoa roho), unakata sehemu ya juu, unachomelea robine, yaani bomba la kumiminia. Hapo unapata sufuria ya kupikia pombe isiyovuja wala kutoboka.

Mama Godelieve, anayepika pombe ya mahindi nyumbani kwake, alichukua ya kwanza. Muda si muda wapika pombe wa mtaa mzima wakawa mlangoni kwetu.

Zahoro aliipenda kazi hiyo kuliko mimi. Ila kwao hakusema. Kwao alisema tunatengeneza sufuria za mikahawa.

Basi siku moja mama yake akapita karakana. Mama Zahoro ni mtu wa heshima zake, haongei sana. Akaikuta sufuria moja ambayo bado haijatobolewa tundu la robine. Akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akapenda. Binti yake Mouna alikuwa anaolewa, wakwe wanavuka ziwa kutoka Kigoma, na pilau ya watu wote hao inataka chombo.

"Hii njo nataka," alisema.

Nikamwangalia Zahoro. Zahoro akaangalia mlango.

Mama alipoondoka nilimshauri rafiki yangu aseme ukweli. Ni mama yake, hatamla! Akakataa. Akachukua mashine, akasaga maandishi ya kiwanda yaliyogongwa ubavuni hadi yakafutika, kisha akaniapisha nifunge mdomo.

Nikafunga. Huo ndio ujinga wangu.

Kitu alichosahau bwana fundi: pipa lile lilikuwa na maandishi mengine chini, kwenye kitako.

Siku ya harusi pilau ilikuwa tamu, watu walikula wakaongeza. Kisha jirani mmoja akaigeuza sufuria ili aioshe… akayaona maandishi, akayasoma kwa sauti, polepole, kwa Kifaransa chake cha shule. Mali ya kiwanda cha bia.

Mikono ikatoka kwenye pilau.

Kila mtu akaangalia sahani yake. Ndipo Zahoro akaninyooshea kidole.

Nilifikiri haraka. Nikikana, harusi inageuka kesi, na Mouna amekaa ndani na hina mikononi, hana kosa. Nikasimama.

"Njo mimi. Munisamehe."

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga… Walinipisha njia tu, kila mmoja akivuta nguo yake isiniguse.

Victorine alinifuata mpaka barabarani.

"Umekubali jina la muongo," alisema. "Na watoto wako wataitwa hivyo."

Hakukosea. Walioagiza milango na madirisha kwetu walikuja kuyachukua yakiwa nusu. Sokoni watoto walinipa jina, Papa Pipa. Nikaanza kwenda kazini kwa njia ya nyuma, mimi mtu mzima na ndevu zangu! Zahoro hakukanyaga tena karakana.

Halafu asubuhi moja nikamwona Mama Zahoro anakuja. Nyuma yake wanawake wa harusini, na yule jirani aliyesoma. Nikajua wamekuja kunimalizia.

"André, mwanangu," alisema. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini, Mama?"

"Kama ile ni pipa ya bia. Ya Mama Godelieve ninaiona kila siku."

Akanieleza kwamba kabla ya harusi alikwenda kumuuliza shehe, akaambiwa chombo kikioshwa vizuri kinakuwa safi. Akakichemshia maji, akakisugua, ndipo akapikia. Siku ile alikuwa anataka kuwaambia watu hivyo hivyo. Mwanawe akamtangulia.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema baadaye.

"Nilikuona unakubali, nikafurahi. Mungu anisamehe. Ningesema, watu wangeona mutoto wangu njo muongo. Nikakuachia wewe aibu, kwa sababu wewe si wa tumbo langu."

Hapo moyo uliniuma kuliko siku ya harusi.

Akaanza kupiga magoti. Mama mzima, mwenye umri wa mama yangu, kwenye vumbi la chuma! Nikamshika mikono kabla hajafika chini. Akawageukia wale wanawake.

"André hakudanganya muntu. Muongo njo mwanangu, na mimi nilimusaidia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani siku ile nilimsitiri rafiki. Kumbe nilifunika uongo, na mzigo wake nikamwachia mama wa watu alale na kuamka nao.

Zahoro alikuja kesho yake, akasimama mlangoni, akaomba msamaha akiangalia chini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikamwambia aingie. Tunafanya kazi pamoja. Kucheka bado.

Wewe unayesoma, ukiona mtu anabeba aibu isiyo yake, usishukuru kwamba haikukuangukia. Sema siku hiyo hiyo. Na kama aliyebeba ni wewe, usijione mwema sana. Mimi nilijiona mwema, mpaka nilipomwona mama mtu mzima anataka kunipigia magoti kwa jambo ambalo neno moja la kweli lingelimaliza.