Kadi Tupu ya Noah Nyeupe

Jumanne asubuhi, kwenye uwanja wa kituo cha polisi Same, Koplo Jenoveva alikagua kamera ya mbele ya Noah ya abiria aliyoendesha Eliakimu akakuta kadi haina picha hata moja.

Jana yake, kwenye barabara ya kushuka kutoka Vudee, Kurwa wa bodaboda aligongwa. Eliakimu ndiye aliyemleta hospitali, na ndugu za Kurwa walidai aliyembeba ndiye aliyemgonga. Kurwa alikuwa bado hajazinduka. Eliakimu alisema ni pikapu iliyokimbia, lakini kwamba yeye alishuka peke yake, hana shahidi ila kamera. Sasa ilionekana amefuta ushahidi. Leseni yake ilibaki kwa koplo.

Jenoveva hakuharakisha. Aliipeleka kamera kwa Ikupa, fundi wa simu pale stendi. Dina, mke wa Eliakimu, alifuata bila kualikwa, akaketi katikati ya mumewe na fundi.

Ikupa alipima waya, ukawa mzima. Akaweka kadi nyingine, kamera ikarekodi. Ubovu ulikuwa kwenye kadi.

Eliakimu alimtaja Hamdani, dereva mwenzake, aliyeosha gari jana jioni na ambaye alikuwa amenuna tangu tajiri wao, mwenye magari, alipompa Eliakimu gari hilo. Hamdani aliitwa. Hakuficha wivu wake.

"Hiyo Noah naiota, afande. Lakini mimi kadi ningeitupa mtaroni. Niirudishe ya nini?"

Koplo aliona hoja hiyo ina uzito. Aliyeirudisha alitaka kutazama tu.

Ikupa alionyesha kwamba kadi ilikuwa na folda tupu za muziki na picha, ambazo hutengenezwa na simu, si kamera. Kuna mtu aliiweka kwenye simu, simu ikaomba kuifuta, akakubali. Simu ya Hamdani haikuwa na sehemu ya kadi. Ya Eliakimu ilikuwa hapohapo mezani kwa fundi tangu wiki iliyopita, kioo kimepasuka.

"Mama Doreen," koplo alimwambia Dina, "naomba simu yako."

Dina aliikumbatia. "Sokoni wananiuliza hali ya mke mwenzangu, mwalimu Evaline, anayekaa siti ya mbele. Jana usiku niliitoa kadi nimwone. Simu ikaniuliza kitu nisichokielewa, nikabonyeza ndiyo."

"Ungeniuliza mimi," alisema Eliakimu.

"Nilikuuliza. Ukasema abiria."

Kwa kuwa kamera iliikataa kadi baada ya hapo, hakuna kilichorekodiwa juu ya picha za zamani. Ikupa alizitafuta kwa kompyuta yake hadi zikarudi. Kwenye kona, pikapu nyeupe iliipita Noah, ikamgonga Kurwa, ikatokomea. Namba zilisomeka vizuri, na koplo akapiga simu kituoni kuzitaja.

Kisha sauti ya mwanamke ikasikika ndani ya Noah: "Simama, Eli. Tumbebe."

Jenoveva alisimamisha picha. Alimwuliza Eliakimu kwa nini, akiwa na shahidi, alikuwa radhi kupoteza leseni kuliko kumtaja mwanamke huyo.

Dina alisimama, akajifunga kanga upya.

"Mpe leseni yake, afande. Barabarani hana kosa."