Kisima cha Peñalcazna

Mvua haikuwa imenyesha Soria, kaskazini mwa Hispania, tangu mwezi wa Mei, na lami ilikuwa imelainika kwa joto, lakini tairi la nyuma la baiskeli ya Leandro lilikuwa linaacha mstari wa maji.

Casilda aliuona akiwa hatua kumi nyuma yake. Kwanza alidhani chupa inavuja. Akazitazama chupa zote mbili: zilikuwa zimechomekwa mahali pake, vifuniko vimekazwa. Mstari uliendelea tu, mwembamba, haukauki, ukipanda mlima katikati ya mashamba ya alizeti.

Kwa miaka kumi na mmoja yeye na Leandro, mumewe, walikuwa wakiongoza wageni kwa baiskeli kwenye vijiji vya huko juu. Nuño, mdogo wake Casilda, aliwafuata kwa gari la mizigo. Safari hii wageni walikuwa wanne, walimu wastaafu wa Bilbao, watu wa vicheko na mikate mikubwa ya soseji. Asubuhi walikuwa wamesimama Peñalcazna, kijiji kilichobakiwa na watu wanane, ambako chini ya ngome kuna kisima kilichochongwa mwambani na Waarabu walioitawala nchi hiyo zamani. Mzee mwenye funguo aliwafungulia, akawaomba watazame tu, wasiyaguse maji. Leandro alicheka. Akashuka ngazi, akachota kwa helmeti, akajimwagia kichwani, na yaliyobaki akayanywa. Yule mzee hakumgombeza. Alifunga mlango na kuondoka bila kuaga.

Sasa alikanyaga pedali kwa nguvu mpaka akamfikia mumewe. Harufu ilimpiga kabla hajasema neno. Ilikuwa harufu ya tope na mawe yaliyooza ndani ya maji, na chini yake kitu kingine, kama ladha ya sarafu mdomoni. Leandro hakuwa na tone la jasho. Hakuwa anahema.

"Punguza mwendo," Casilda alimwambia. "Wageni umewaacha mbali."

"Wako wangapi?"

"Nini?"

"Wageni. Nimesahau wako wangapi."

Sauti ilikuwa ile ile yake. Casilda akamjibu kwamba ni wanne, kama anavyojua.

"Wanatosha," Leandro akasema.

Karibu na zizi la kondoo mbwa mkubwa wa mchungaji aliruka ukuta akawajia akibweka. Waendesha baiskeli wote wa huko wanajua la kufanya: unashuka, unaweka baiskeli katikati yako na mbwa, unarudi nyuma taratibu. Leandro alishuka. Akailaza baiskeli yake chini kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto, akamwendea mbwa mikono mitupu. Akayashika mataya yake, la juu na la chini, akayafungua. Yalipofika mwisho hakuacha. Casilda alisikia mlio, kama kuni mbichi inayopasuliwa, na mmoja wa wale walimu, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akatapika kwenye alizeti. Leandro alijifuta mikono kwenye shati. Iliyokuwa ikidondoka kwenye mikono ya shati lake haikuwa damu. Yalikuwa maji, mengi, meusi.

Casilda aliwaambia wageni washuke mlima bila kusimama mpaka baa ya kijiji walichotoka. Kisha akampigia simu Nuño.

Nuño alipofika, Leandro alikuwa ameigeuza baiskeli juu chini barabarani, amechuchumaa, anazungusha pedali kwa mkono, na gurudumu la nyuma linavuma.

"Shemeji, ingia garini," Nuño alimwambia kwa upole. "Jua limekuingia kichwani. Twende ukalale."

"Mnyororo umekwama," Leandro akasema bila kuinua kichwa. "Hebu nishikie hapa."

Nuño ni mtu mwema na hajawahi kumkatalia shemejiye kitu, akanyoosha mkono, na Leandro akaudaka kifundoni, akauingiza katikati ya spoku za gurudumu lililokuwa likizunguka, akasukuma pedali kwa mkono wake mwingine, akasukuma tena, na spoku zikaanza kukatika moja moja na mfupa nao ukakatika katikati yake, na Nuño akawa anapiga kelele kwa sauti ambayo Casilda hakuwa ameisikia kwake tangu utotoni, huku Leandro akimwangalia usoni kwa makini, kama fundi anayesikiliza kama gia zimekaa sawa, na akizungumza, akizungumza Kiarabu, yeye ambaye hata Kifaransa cha kuombea mkate hakukijua. Casilda alichukua chuma cha jeki garini akampiga nacho nyuma ya shingo. Hakuanguka. Akampiga mara ya pili, na ya tatu, akilia, na ya tatu ndiyo iliyomlaza.

Walimfunga mikono na miguu kwa mipira ya ndani ya matairi, Casilda akifunga na Nuño akisaidia kwa mkono mmoja na meno. Walipomwingiza garini maji yalianza kumtoka mdomoni na puani, hayakomi, mpaka yakafunika sakafu.

Casilda alitaka kwenda hospitali.

"Sio hospitali, dada," Nuño akasema, uso wake umekuwa mweupe. "Mpeleke kwa Bibi Obdulia."

Bibi Obdulia alikaa Valdesaúco, kilomita tisa. Alikuwa amestaafu kiwanda cha soseji, na jikoni kwake watu walitibiwa kijicho na vipele kwa mafuta ya zeituni. Alichungulia ndani ya gari kupitia dirishani, akavuta pumzi mara moja, akarudi nyuma.

"Ndani kwangu haingii," akasema. "Mpelekeni uwanjani, juani."

Ulikuwa uwanja wa zamani wa kupuria ngano, wa mawe, nje ya kijiji. Saa tisa mchana, kijiji kizima kimelala nyuma ya madirisha yaliyofungwa. Bibi Obdulia alimzungushia Leandro chumvi, akawasha majani makavu ya rozmari mpaka moshi ukawauma macho, akamjaza chumvi mdomoni kiganja kizima. Hapo Leandro akafumbua macho. Mipira ilikatika kama nyuzi. Akamrukia Casilda, akamng'ata begani, akatikisa kichwa kama wanavyofanya mbwa, mpaka kipande cha nyama kikabaki kinywani mwake, na Casilda akawa anasukuma uso ule kwa mikono yote miwili, uso aliokuwa ameubusu asubuhi hiyo hiyo, na kusikia meno yakitafuta shingo yake. Bibi Obdulia alishika fimbo ya zamani ya kupuria akampiga nayo mgongoni, mbavuni, mikononi, bila hasira na bila huruma, pigo baada ya pigo, mpaka kitu kilichokuwa ndani ya Leandro kikalia kwa sauti tatu kwa pamoja na kuanguka katikati ya chumvi.

"Toka," bibi akakiambia.

"Miaka mia tisa nimekaa gizani," kikajibu, na safari hii kilisema lugha yao. "Yeye ndiye aliyenikaribisha. Sitoki bure."

"Utatoka bure."

"Nipe huyu mwenye mkono uliovunjika, niingie kwake. Au nitokee kwenye macho ya huyu niliyemkalia. Au kwenye mguu wake. Pale nitakapopita hapatafaa tena."

Bibi Obdulia alipumua kwa shida. Akamgeukia Casilda, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hana nguvu ya kumpiga mara ya pili, na kwamba anayechagua ni mwenye kulala naye kitanda kimoja.

Nuño alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mkono wake. Casilda hakumfikiria hata kidogo kama bei. Aliyafikiria macho ya mumewe, ya rangi ya asali, yanavyomtafuta kila anapoingia chumbani. Kisha akafikiria miguu yake, iliyowahi kushinda mashindano matatu ya milimani kabla hawajaoana, ambayo, kama wanariadha wote wa baiskeli, aliinyoa kila Jumapili na kuipaka mafuta, na ambayo ndiyo ilikuwa maisha yake yote. Alitaka kuendelea kuonwa na mtu huyu. Hakuwa na sababu nyingine.

"Mguu," akasema.

Mguu wa kulia ulianza kuvimba kutoka pajani. Ulivimba mpaka ngozi ikang'aa, kisha ikachanika kutoka gotini hadi kidole gumba, na mfupa ukapasuka kwa ndani, mara moja, mara mbili, na maji meusi yakaruka juu kuliko kichwa cha mtu, yakaanguka kwenye mawe, yakajikusanya. Hayakukauka juani. Yalitambaa nje ya uwanja yakaelekea Peñalcazna, yakipanda mlima.

Hospitali ya Soria waliukata mguu juu kidogo ya goti. Nuño alitiwa vyuma mkononi, Casilda akashonwa bega. Kwa siku mbili Leandro alilala, na kwa siku mbili Casilda, akiwa kitini kando yake, alijifundisha la kumwambia: gari lilirudi nyuma, breki ilishindwa, hakuna aliyemwona.

Siku ya tatu akaamka. Aliomba maji, akanywa, akatazama mahali shuka lilipolala bapa kitandani. Casilda akaanza kusema habari ya gari.

"Acha," Leandro akamwambia. Sauti ilikuwa yake, imechoka. "Nilikuwepo. Nilikuwa nakusikia muda wote, Casilda. Bibi alipokuuliza, nilikuwa humo ndani napiga kelele kwa nguvu zangu zote."

Casilda akamuuliza alikuwa anasema nini.

"Macho," akasema. "Nilikuwa nakwambia, mpe macho."

Akageuza uso wake ukutani, akayafumba.