Jicho la Taa ya Mzee Hashil

Ee, taa ile ile ya barazani kwa Mzee Hashil, Kikwajuni, ndiyo iliyomfuturisha Bi Mwanapili mchana kweupe.

Taa ilikuwa na jicho. Giza likiingia inajiwasha, kukicha inajizima. Bi Mwanapili anakaa ghorofani, Michenzani, ng'ambo ya pili tu. Masikio yake mazito, adhana haisikii. Basi Ramadhani ile akiangalia taa. Ikiwaka, tende mdomoni.

Siku moja likafunga wingu zito, bado alasiri. Taa ikawaka. Bi Mwanapili akala, akashushia uji. Mara wingu likapasuka, jua hilo!

Kesho yake asubuhi akashuka.

"Hashil, saumu ya jana nitailipa. Ya leo je? Taa yako mwongo."

Mzee Hashil akaona haya. Taa kaletewa na bintiye, Arwa, anayefanya kazi ya utafiti Ulaya. Yupo nyumbani kwa likizo. Akamwita.

"Shikamoo, Bi Mwanapili," Arwa akamsemea sikioni.

"Marahaba. Haya, nambie, jicho lina ugonjwa gani?"

"Limepakwa plastiki maalumu. Nuru ikiipiga, umeme unazaliwa wawili wawili, chanya na hasi, wameshikana kama maharusi. Wasipoachana, umeme unapotea. Nuru ikipungua, umeme wenyewe haba, jicho linadhani usiku."

"Na nani wa kuwaachisha?" akauliza Mzee Hashil.

"Chembe, baba. Ndogo mno, hata hadubini ya skuli haizioni. Ni za vitu vya jamii ya vile vilivyomo ndani ya redio. Tunazichanganya na plastiki. Chembe inamshika mmoja mkono, inakwenda naye. Hapo umeme unapita, na jicho linaiona hata nuru kidogo."

"Kumbe kazi yenu kuvunja ndoa za watu," akasema Bi Mwanapili. Wakacheka.

Arwa alikuwa na jicho lenye chembe hizo, bado la majaribio, limefungiwa ndani ya kioo.

"Msilivunje. Chembe nyengine zina sumu."

Wakazima umeme, wakalitia kwenye taa.

Alasiri wingu likarudi. Mzee Hashil akakaa barazani, shingo juu. Taa kimya.

"Limefaulu, mwanangu. Sasa Bi Mwanapili alifuate."

"Hapana, baba. Jicho linajua nuru na giza. Magharibi halijui. Mwite afuturu hapa, nasi tumwambie adhana ikilia."

Bi Mwanapili akaja na bakuli la kaimati. Adhana ikaadhiniwa. Bi Shariffa, mke wa Mzee Hashil, akatandika jamvi, akamimina uji. Mgeni kasimama tu, anaangalia taa.

"Mbona haijawaka?"

"Iache, kwanza bado kweupe," akasema Mzee Hashil. "Karibu jamvini."

"Jana nshadanganywa na kitu chako. Leo sili."

Wote wamesimama, uji unapoa. Arwa akamuinamia sikioni.

"Bi Mwanapili, adhana nimeisikia mimi mwenyewe."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Bi Mwanapili akamtazama usoni, akavua viatu, akachukua tende. Nao wote wakakaa, wakala.