Jiwe la Kioo Kutoka Burat

Upepo wa Isiolo ndio ulionifanya nipende vioo. Nina duka la fotokopi mjini, na mlango ukifunguliwa tu, karatasi za wateja huruka hadi barabarani. Nikanunua jiwe la kioo la kuzikandamiza. Kisha lingine. Mwishowe nikawa natafuta mafundi wadogo, wale wanaofanya kazi peke yao nyuma ya nyumba: mama mmoja wa Naivasha, mzee mmoja wa Machakos. Nilipenda hasa mawe yanayobadilika rangi ukiyageuza, kama shingo ya njiwa.

Ndiyo maana jioni hiyo nilifunga duka mapema, nikapanda boda hadi Burat. Nilikuwa nimesikia kuna fundi huko anayeitwa Mutuma. Mama yangu alikuwa amelazwa Nyeri, hali mbaya, na kila simu ya kaka yangu Mureithi ilinikata maini. Nilitaka kitu kizuri cha kushika mkononi. Basi.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Nyuma ya nyumba tanuri lilikuwa linanguruma.

"Habari ya jioni," nikasema.

"Mzuri. Karibu, Mama Bridget."

Sikuwa nimemwambia jina la mtoto wangu. Nikajiambia labda ameuliza mjini.

Mutuma alikuwa mwembamba, mpole, macho mekundu kwa moto. Alichovya bomba refu la chuma ndani ya tanuri, akalitoa na donge la kioo linalowaka kama kaa. Akalizungusha, akalizungusha... Kisha akanielekezea ncha ya bomba.

"Ukitaka liwe na kiputo cha hewa katikati, weka pumzi yako mwenyewe."

"Mimi sijui kupuliza."

"Kidogo tu. Lakini fikiria mtu." Akasogea karibu, akanong'ona, "Fikiria yule anayekunyima usingizi."

Nikamfikiria mama. Mikono yake. Kikohozi chake.

Nikapuliza.

Pumzi ilitoka... ikaendelea kutoka. Nilitaka kuacha, midomo ikakataa. Bomba lilikuwa linanivuta. Kifua changu kikaingia ndani kama mfuko uliofyonzwa. Halafu nikasikia harufu. Haikuwa ya moshi. Ilikuwa ya kitanda cha mgonjwa, dawa na jasho na uji uliopoa.

Mutuma akalichukua bomba taratibu, kama mtu anayempokea mtoto. Akapitisha donge kwenye mvuke wa dawa yake ya rangi. Likang'aa zambarau, kijani, dhahabu. Sijawahi kuona jiwe zuri hivyo.

Na sikusikia chochote moyoni.

"Lazima lipoe polepole ndani ya tanuri," akasema. "Likitoka sasa litapasuka. Kuja kesho."

Nilikuwa bado barabarani Mureithi alipopiga.

"Nyaguthii... Mama ametuacha."

"Sawa," nikasema. "Umekula?"

Akaliita jina langu tena, kama anayeuliza. Kisha akakata simu.

Sikurudi Burat kesho yake. Tulienda Nyeri kuzika. Watu walilia, Mureithi akaanguka kando ya kaburi, na mimi nilikuwa naangalia matope kwenye viatu vya mchungaji. Bridget akanivuta mkono.

"Mama, mbona wewe hulii?"

Nilijaribu. Nilikumbuka kila kitu, hata nyimbo alizoniimbia nikiwa mdogo. Ilikuwa kama kusoma habari za familia ya mtu mwingine gazetini.

Tuliporudi Isiolo nilikwenda kuchukua jiwe langu. Tanuri lilikuwa baridi. Mke wa Mutuma, Gatakaa, alikuwa amekaa mlangoni akichagua maharagwe.

"Ameenda Nairobi kuuza," akasema bila kuinua kichwa. "Lako limenunuliwa."

"Lakini lilikuwa langu."

"Alikuambia ufikirie nani?"

"Mama yangu."

Mikono yake ikasimama juu ya sinia.

"Mimi aliniambia nifikirie mtoto wetu," akanong'ona. "Yule tuliyezika. Nilikuwa nalia mchana na usiku, yeye akasema atanisaidia." Akatupa haragwe bovu kando. "Likatoka zuri sana. La buluu."

"Anafanyaje? Ni dawa gani hiyo?"

"Sijui. Na siwezi hata kumkasirikia."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Nilipomwomba namba ya mnunuzi akanipa. Mwanamke aliyelinunua, akasema, alikuwa amepiga simu kuuliza kama jiwe lina kasoro.

Nikapiga nikiwa palepale uani. Aliitwa Wanja. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetoka kulia.

"Hilo jiwe," nikasema, "ni langu. Nitakurudishia pesa zako. Nirudishie."

Akasema polepole, "Linatoa maji."

"Maji?"

"Kila asubuhi. Karatasi zote chini yake zinakuwa zimelowa. Nimeonja. Ni ya chumvi. Na nikiliweka sikioni... kuna mtu ndani anaita. Anasema *maitũ, maitũ*."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwita mama.

"Nirudishie," nikasema tena. Nilijua napaswa kusihi. Nilitafuta sauti ya kusihi, nikaikosa.

"Siwezi, dada." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Bwanangu alikufa mwaka jana na sikuwahi kutoa hata chozi moja. Nikilishika hili, nalia. Nalia mpaka nalala. Usiniulize tena, tafadhali."

Akakata.

Gatakaa alinitazama. Nikaketi kando yake kwenye kizingiti. Giza lilikuwa linaingia, na mahali fulani Nairobi pumzi yangu ilikuwa inamwita mama yangu bila mimi.

Gatakaa akasogeza sinia katikati yetu.

Tukachagua maharagwe.