Kilele cha Wawili

Mama Sumarni, jirani yetu anayeuza tempe, vipande vya soya vya kukaanga, pale njia ya mlima inapoanzia, anadai alimwona Sugeng, mpenzi wangu, kwa macho yake. Eti Jumapili alikuwa anapanda Sindoro na mwanamke wa Jakarta, mrefu, miwani nyeusi, wameshikana mikono kama maharusi.

— Mimi si mmbea, Ratmi. Nakwambia kwa kuwa wewe ni mwanangu.

— Walifika kileleni?

— Wamefika, wakashuka, mwanamke anawaonesha watu picha, anacheka mpaka jino la mwisho.

Nilikuwa natandaza tumbaku kwenye nyungo za mianzi. Niliendelea kutandaza mpaka akachoka kuningoja nilie, akaenda zake.

Mwaka ulipoanza, mimi na Sugeng tulichora milima minne kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: Sumbing, Merbabu, Lawu na Sindoro. Mimi niliishia darasa la sita. Miaka yote nimewapikia wali, kibandani kwetu, watu waliotoka mbali kuja kupanda Sindoro, mlima ulioko nyuma ya nyumba yetu, na mimi sijawahi kuvuka shamba la mwisho. Sugeng ndiye aliyesema, "Mwaka huu na sisi tupande." Nikaweka sharti moja: mlima haujazwi mkaa mpaka tufike kileleni wote wawili. Mitatu tukaijaza. Sindoro tukauweka wa mwisho kwa kuwa ni wa kwetu, halafu mavuno yakanibana.

Niliingia jikoni, nikalowesha kitambaa, nikaufuta Sindoro. Kisha nikamwandikia:

"Sugeng, hongera kwa kufika Sindoro. Kwetu usije tena."

Akapiga hapo hapo.

— Nani kakwambia nimefika?

— Kwani hukupanda?

— Nilipanda. Nilibeba mizigo ya wageni.

— Na mkono wa mgeni nao ni mzigo?

Akacheka, kisha akajuta kucheka.

— Goti lake bovu, Ratmi. Pale penye mawe hata wazee wa msikitini tunawashika mkono.

— Na kileleni?



— Sikufika.

— Mgeni mwenye goti bovu afike, mpagazi mzima abaki?

— Nilibaki chini ya mwamba wa mwisho na mizigo. Ukitaka kucheka, cheka.

Sikucheka. Nikakata simu. Mwanaume akibanwa hakosi pa kujificha, nikajisemea, hata mlima atautumia.

Kesho yake, kabla ya basi kupita, mwanamke mmoja mrefu akaingia kibandani kwetu na fimbo, anachechemea. Miwani nyeusi kaipandisha kichwani. Nyuma yake mwanaume kabeba mabegi mawili. Nikawapakulia wali.

— Dada, mpagazi wenu alikuwaje? nikamuuliza.

— Sugeng? Ana nguvu, lakini kichwa chake kina mambo yake. Tumefika juu, tunamwita aje tupige picha, kagoma. Huyu mume wangu akashuka kumvuta, kijana kang'ang'ania mwamba kama mtoto anayekataa kuoga.

— Alisemaje?

— Eti kuna mtu hajafika, akamalizia mume, mdomo umejaa. Mke wangu akaanza kutuhesabu, anadhani tumemwacha mwenzetu porini.

Nikamwongezea mume yai ambalo hakuagiza. Walipoondoka nikamwandikia Sugeng:

"Jumamosi mavuno yanapumzika. Uje asubuhi."

Alikuja na viatu vimefungwa vizuri. Tukavuka shamba la mwisho. Tukapanda.

— Bado una hasira?

— Nahema.

— Ndiyo nauliza, hasira au kuhema?

— Vyote vinatumia pua moja. Twende.

Akatabasamu akiangalia chini. Tulipofika chini ya mwamba wa mwisho, akasimama.

— Tangulia.

Nikatumia mikono na magoti, nikafika. Harufu ya salfa ilitoka kwenye shimo la volkeno, na Sumbing alikuwa ng'ambo, mawingu yamemfika kiunoni. Nilitafuta bati la nyumba yetu nisilijue katika mabati yale yote. Nilichoona ni lile shamba la mwisho, jinsi lilivyo jirani kabisa na kijiji. Miaka yote hiyo nilidhani ni mbali.

— Ratmi.

Alikuwa bado chini, mkono mmoja kwenye jiwe.

— Mbona hupandi?

— Naomba kitu kwanza. Tumbaku ikishauzwa, nimlete mama yangu kwenu, aongee na wazee wako. Niambie ndiyo au hapana, ndipo nipande.

Upepo ulikuwa unanivuta mtandio. Nikaketi juu ya jiwe, nikakunja miguu, nikamtazama kwa raha zangu, ndiyo yangu nimeishika mdomoni. Jasho lilikuwa linamtoka, na baridi yote ile.