Mtaa Uliofunga Mapazia

Kila Jumamosi, mama akiwa kiwandani, Hettie Ogden alisugua kizingiti na kubandika viazi jikoni. Ilikuwa mwaka 1916, na mitaa ya Blackburn, mji wa Uingereza, ilikuwa imebaki na wanawake, wazee na watoto. Baba yake, Wilf, alikuwa vitani Ufaransa.

Wilf alikuwa mchimba makaa ya mawe, mpaka timu ya mji ilipomwajiri acheze winga ya kushoto kwa mshahara. Babu alimcheka, "Mtu mzima analipwa kwa kukimbiza mpira?" Lakini Wilf akifunga goli, babu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Jumamosi moja mlango uligongwa. Alikuwa Clem, golikipa wa timu, aliyerudi kutoka vitani na mguu mmoja.

"Hettie, baba yako ameuawa. Nilikuwa naye. Nitamngoja mama hapa."

"Nitamwambia mwenyewe, mjomba."

Clem alisitasita, lakini hakuwa na nguvu ya kulisema tena. Akaondoka na magongo yake.

Bibi Shorrock wa jirani alikuwa ameyasikia yote, akaupasha mtaa habari. Pale mtaani, mtu akifiwa, majirani wote hufunga mapazia mchana kweupe. Kabla ya saa saba yalikuwa yamefungwa kila nyumba, isipokuwa kwa akina Ogden.

Mama aliingia.

"Mapazia yote haya! Kafiwa nani?"

"Sijui, mama."

"Maskini wa Mungu. Lete vile viazi, niwapikie mikate ya viazi, hawatakumbuka kula."

Alikanda, akachoma, akafunga mikate kwa kitambaa safi. Hettie alimtazama tu. Mama akajitanda shali, akashika kitasa.

"Usiende, mama," Hettie akasema. "Ni sisi. Ni baba."

Mikate ilidondoka. Mama alikaa pale pale sakafuni na kulia mpaka sauti ikamkauka.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza hatimaye.

"Mtaa mzima. Nilitaka upate Jumamosi moja tu zaidi bila msiba, mama."

Mama akamvuta kifuani.

"Najua ulinionea huruma, mwanangu. Lakini nimesimama hapa nikiwapikia wafiwa, na mfiwa ni mimi. Ukweli wa mtu mpe mwenyewe, hata kama ulimi unakuwa mzito. Na wewe ulikuwa unamlilia baba yako peke yako, huku mimi nipo. Usinifanyie hivyo tena."